Chesisi mpya chini ya bodi ya Morris Minor

Morris Minor ya saluni haina chesisi ya kujitegemea. Sakafu na vizingiti vya milango ndivyo vinavyobeba mzigo wote, na kwa hewa yetu ya chumvi hivyo ndivyo vinavyooza mwanzo, bodi ya juu ikabaki nzuri kwa macho tu. Anayetaka kuigeuza hotirodi, yaani bodi ya zamani juu ya injini na akseli za kisasa, hana budi kuiundia chesisi ya ngazi: boriti mbili ndefu na mataruma, yaani vyuma vifupi vinavyozikatiza. Fundi wa jahazi hapigilii ubao mpaka mkuku ukae sawa, na huku ni vivyo hivyo.

Kabla ya grenda kugusa sakafu, funga bodi kwa ndani. Chomelea boksi (mabomba ya pembe nne) za milimita 25 kwa 25 kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, kila upande, kisha vuka kutoka kulia kwenda kushoto, na uongeze mshazari mmoja. Pima uwazi wa kila mlango juu, katikati na chini, uandike kwa chaki ukutani. Bodi ikikatwa sakafu bila kufungwa hutanuka chini, na milango haifungi tena hata uhamishe bawaba. Kibati cha namba ya gari usikikate wala kukihamisha, na uwaone wakaguzi wa magari kabla ya kukata, si baada.

Chuma ninachopendekeza kwa chesisi ni boksi ya milimita 75 kwa 50, unene milimita 3. Nunua tatu za mita 6: mbili zinatoa boriti za mita 3.5 na mabaki ya mataruma matano, ya tatu ni ya msalaba wa katikati na mkunjo wa nyuma. Nenda dukani na vania, kipimo cha unene wa chuma, au omba mzani. Boksi hiyo yenye milimita 3 kamili huwa na kilo 33 hivi kwa mita 6. Ikija na kilo 27, hiyo ni ya 2.5, hata kama imeandikwa 3 kwa rangi.

Kazi halisi iko kwenye jigi, yaani kitanda cha chuma kinachoshika chesisi sawa wakati wa kuchomelea. Weka boksi mbili nene juu ya vigingi vya chuma, uzisawazishe kwa mpira wa maji kama waashi wanavyosawazisha msingi. Pima maji ya mkono inadanganya kwenye urefu wa mita tatu na nusu, mpira wa maji haudanganyi, mradi hauna povu ndani. Vuta uzi wa katikati kutoka mbele hadi nyuma, na vipimo vyote vitoke kwenye uzi huo. Usipime kutoka boriti moja kwenda nyengine, kwa sababu kosa la boriti ya kwanza litahamia kwenye ya pili. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, Minor ina inchi 86, yaani milimita 2184. Ining'inize bodi kwa urefu unaoutaka, dondosha timazi katikati ya kila tao la gurudumu, na weka alama chini. Gurudumu likikaa sentimita mbili nyuma ya tao, gari nzima inaonekana imekosewa.

Sasa pima kona kwa kona. Tofauti ya milimita 2 inakubalika. Ikifika 5, fungua uanze tena. Usijidanganye kwamba alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, itarekebisha. Nyuma ya boriti, pale inaponyanyuka kupisha akseli, usiache mchomo mmoja uliosimama wima. Hapo ndipo ufa huanzia, upande wa chini. Funika kiungo kwa bamba la milimita 4 lililokatwa kama almasi.

Mchomo unapopoa husinyaa na kuvuta boriti upande wake, ndiyo maana chesisi iliyochomelewa upande mmoja mpaka mwisho hupinda kama ndizi. Anza na vidoti vya sentimita moja kila kiungo, pima tena kona kwa kona, halafu chomelea sentimita 3 au 4 kwa zamu, kulia kisha kushoto, juu kisha chini. Usiifungue kwenye jigi mpaka ipoe na ishikike kwa mkono. Mashine ya waya na gesi ni safi, lakini upepo wa kusi unapoingia bandani hupeperusha gesi na mchomo unajaa vitundu. Nje, tumia vijiti vya kuchomelea. Kijiti cha E7018 ni imara sana ila haivumilii unyevu, na hapa unyevu hauna likizo; kama huna oveni ya kuvikausha, chukua E6013. Umeme ukishuka, acha kazi. Mchomo utakaa juu ya chuma kama nta bila kuzama.

Injini ya Toyota 5K inaingia vizuri, ila pima sampu (bakuli la oili chini ya injini) na taruma la mbele kabla ya kuchomelea. Mkia wa injini ukishuka nyuzi 3, pua ya difu, gia za akseli ya nyuma, inyanyuke nyuzi 3, la sivyo propela, shafti inayounganisha hizo mbili, itatetemesha gari. Na ukitumia akseli nzima mbele, ukapanga gari ipige pua chini nyuzi 2, kastori (mwinamo wa nyuma wa mhimili wa kukatia kona) ya nyuzi 6 uliyoiweka jigini imekuwa 4. Usukani utakuwa mzito kurudi wenyewe.

Halafu kutu ya ndani, muuaji wa chesisi za pwani. Kila tundu la bolti lipitishe bushi ya chuma iliyochomelewa pande zote mbili, bolti isibane boksi wala maji yasiingie. Ziba ncha zote, lakini acha tundu dogo kila boriti, maana hewa ya moto iliyofungiwa hutoboa mchomo wa mwisho. Ikishapoa, funga valvu ya tyubu kwenye tundu hilo, tia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, na paka povu la sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu, toa hewa kwanza ndipo uchomelee. Mwisho tia skrubu yenye silikoni, futa kwa thina, na upake praima siku hiyohiyo, kabla usiku haujaleta umande.