Uzazi wa kwanza kwenye kituo cha wakunga: tunayoambiwa mtaani na ukweli wake

Wadada wenzangu mnaosubiri mtoto wa kwanza hapa Dodoma na vijiji vya jirani, naandika hii kwasababu nilipokuwa na mimba ya miezi saba kila niliyemwambia ntajifungulia kwenye kituo kinachoendeshwa na wakunga alinitolea macho kama nimetangaza msiba. Mama mkwe aliacha kabisa kula siku hiyo. Na hofu zao ukizikagua, nyingi zimetokana na kusikia tu.

"Uzazi wa kwanza lazima hospitali kubwa"

Hapana, sio lazima kwa kila mtu. Kinachoangaliwa ni mimba yako ikoje. Kama presha iko sawa, damu inatosha, mtoto ni mmoja na katanguliza kichwa, na uchungu umeanza wenyewe kati ya wiki 37 na 42, mkunga aliyesomea anakuzalisha vizuri tu. Ila kama uko chini ya miaka 20, au kimo hakifiki sentimita 150, au una mapacha, kisukari, presha, mtoto katanguliza makalio, hapo usibishane na mtu, nenda hospitali, na ndio maana kwenye kliniki wanakupima urefu na kukuuliza umri, sio udadisi. Uingereza waliwahi kufuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na shida, matokeo yakatoka 2011: kwa uzazi wa kwanza, watoto waliozaliwa kwenye vituo vya wakunga walikuwa salama sawa na wa hospitali, na mama zao waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi. Lakini hapohapo, kwenye vituo vilivyo nje ya eneo la hospitali, karibu 36 katika kila 100 wa uzazi wa kwanza walihamishwa. Kwahiyo ukichagua kituo, chagua na safari kabisa.

"Ukipewa rufaa ujue mkunga kashindwa kazi"

Hii ndo inaniuma kuliko zote maana inaua. Mdada tuliyeingia naye leba usiku mmoja njia yake ya uzazi ilifunguka hadi sentimita saba ikasimama, mkunga akamwangalia, akarudi kwenye patogramu, ile karatasi ya grafu wanayojaza, akapiga simu. Saa tisa usiku gari likaja, akapasuliwa, yeye na mtoto wazima. Nyumbani kwao wakasema angeanza hospitali tangu mwanzo, mi nasema yule mkunga alifanya kazi yake kwa wakati. Mkunga hapasui, na vituo vingi havina damu ya kuongezea, kwahiyo kujua mapema kwamba hapa sasa tuondoke ndio ujuzi wenyewe. Wewe uliza kabla uchungu haujaanza: gari ni lipi, usiku linapatikana, wanakupeleka wapi. Kuna namba 115 ya m-mama, ni bure, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Anayeishi mjini hospitali za General na Mkapa sio mbali, ila aliyeko ndani ndani huko Bahi au Chamwino, masika korongo likijaa hupiti, bora usogee kwa ndugu karibu na kituo wiki mbili tatu kabla.

"Mkunga si ndo yule bibi wa kijijini"

Bibi tunamheshimu, ila tunayemsema hapa ni nesi mkunga aliyesoma na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anachoma sindano ya oksitosini mtoto akishatoka ili damu isimwagike, anajua kumpumulisha mtoto asiyelia, anashona ukichanika. Wa kwangu alikuwa anaweka kiganja juu ya tumbo langu, saa mkono wa pili, ananyamaza dakika kumi nzima anahesabu uchungu umekuja mara ngapi, halafu anachukua kile kipembe chake anakibana tumboni na sikio, anasikiliza moyo wa mtoto. Kila nusu saa. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu.

"Kila saa sentimita moja, ukichelewa unywe dawa"

Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2018 kwamba hiyo ya njia kufunguka sentimita moja kila saa haiwafai wote, na uchungu wenyewe hasa unahesabiwa kuanzia sentimita 5, ukitokea hapo uzazi wa kwanza unaweza kwenda hadi saa 12. Kabla ya hapo ni kutembea, uji, na subira. Shangazi alikuja na kichupa cha mizizi kimefungwa kwenye kanga, kwa mapenzi yote, nikamwambia shangazi samahani sinywi. Hizo dawa zinakaza kizazi bila kipimo, mtoto anakosa hewa na kizazi kinaweza kupasuka. Na kama umeshakunywa tafadhali mwambie mkunga, usione aibu, anahitaji kujua.

Eti usile, ulale chali tu, na uzazi wa kwanza lazima uongezewe njia, yaani ukatwe kidogo? Sio kweli yote matatu. Kama huna shida unakula chakula chepesi, unakaa mkao unaokupa nafuu, na njia inaongezwa pakiwa na sababu tu.

"Ukishazaa salama unarudi nyumbani"

Kaa angalau saa 24. Damu nyingi hutoka ndani ya siku hiyo ya kwanza, na inaweza kuanza wakati wageni wanapongeza na wewe unajiona mzima. Mtoto muweke kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, kuogeshwa kusubiri kesho. Na ukiona pedi au kanga inalowa chapachapa muda mfupi tu baada ya kubadilisha, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, mwite mkunga palepale, hata kama ndo kwanza kajinyoosha kupumzika.