Je, wajua kwa nini Engaruka haikuhitaji taifa lililopotea?

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, ukakunja kulia Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha ukafuata barabara ya vumbi iendayo Ziwa Natron, utafika Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo pana mashamba ya kale yaliyotengwa kwa kingo za mawe, yenye ukubwa wa takriban hekta 2,000, pamoja na mabaki ya mifereji na ya vijiji saba mteremkoni. Nani aliyeyajenga hayo?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa la hovyo. Nilisadiki yale niliyoyasikia vijiweni mjini Arusha, kwamba waliojenga walikuwa taifa la ajabu lililotoka kaskazini na elimu ya siri, likatoweka, na kwamba damu yake imebaki katika koo chache zinazotawala kimyakimya hadi leo. Uzuri wa hadithi ya namna hiyo ni kwamba haikanushiki: ukiuliza ushahidi uko wapi, unaambiwa umefichwa, na huko kufichwa kwenyewe ndiko kunakohesabiwa kuwa ushahidi.

Nilipoanza kusoma nilitahayari kidogo, kwa sababu hadithi hiyo haikuzaliwa kijiweni. Mwaka 1930 msomi wa Uingereza, C. G. Seligman, aliandika kwamba ustaarabu wa Afrika ulitokana na "Wahamiti", watu aliowahesabu kuwa wa nasaba moja na Wazungu. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford akaja na "ustaarabu wa Azania", ambao alidai ulijenga matuta, njia na mifereji ya Afrika Mashariki kisha ukatoweka. Kusini mambo yalikuwa yaleyale: Karl Mauch, mpelelezi wa Kijerumani, alipofika Great Zimbabwe, mji wa kale wa kuta za mawe katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1871, aliyahusisha magofu yale na Malkia wa Sheba, hata ikabidi wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wafukue ardhi ndipo waseme kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wenyewe. Mantiki ilikuwa moja kote: yakikutwa mawe yaliyopangwa vizuri, mkazi wa jirani ndiye wa kwanza kufutwa kwenye orodha ya wajenzi. Mimi niliyekulia Uchagani kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, na kutumwa kuzibua banio lake, mahali maji yanapoingilia, kila lilipojaa tope, nilimfuta babu yangu bila hata kujiuliza.

Hata takwimu zilisaidia kuikuza siri. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyekagua Engaruka mwaka 1935, alikadiria wakazi zaidi ya 30,000. Watafiti waliomfuata walitilia shaka hesabu hiyo, kwa kuwa si lazima nyumba zote ziwe zilikaliwa wakati mmoja. Makazi yenyewe ni ya karne ya 15 hadi ya 18, yaani si ya kale sana, na zao lililothibitika ni mtama.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni udongo. Sehemu ya udongo wa mashamba yale haikuwa ya hapo tangu mwanzo, bali ililetwa na maji, na wachunguzi wa tabaka za udongo wameonyesha jinsi ilivyofanyika. Maji ni kama mpagazi mwenye tabia moja ya ajabu: hubeba mzigo kwa kadiri ya mwendo wake. Akikimbia, hubeba hata mawe. Akipunguza mwendo, hutua mawe kwanza, kisha mchanga, na tope laini hulitua mwisho kabisa, anapokuwa karibu kusimama. Tikisa kikombe cha kahawa na mashapo yatapanda. Kiache kitulie nayo yatashuka chini yenyewe. Basi wakulima wa Engaruka waliyaelekeza maji ya mto kwenye vyumba vya mawe, yakapoteza mwendo humo, yakaacha tope lenye rutuba. Tope lilipokaribia ukingo, waliongeza safu ya mawe, nayo ardhi ikapanda msimu kwa msimu, mahali pengine hadi zaidi ya nusu mita. Kazi hiyo haikudai elimu ya siri. Ilidai subira, na watu wa kukubaliana zamu za maji.

Walikwenda wapi? Wapo wanaowahusisha na Wasonjo, wakulima wa magharibi mwa Ziwa Natron ambao hadi leo humwagilia mashamba chini ya baraza la wazee, na wapo wanaowataja Wairaqw, lakini kufanana kwa mifereji si hati ya ukoo, na wajenzi hawakuacha maandishi. Kuhama kwao huelezwa mara nyingi kwa kupungua kwa maji, maelezo yanayoingia akilini kwa kuwa baadhi ya vijito vilivyolisha mifereji ile sasa hutiririka kwa msimu tu. Mto Engaruka wenyewe haukukauka. Unamwagilia mahindi na migomba ya kijiji cha leo, na anayelima huko akitaka jiwe la kuzibia mfereji, hana haja ya kulitafuta mbali.