Jina Lako Liko Kwenye Kengele? Tunayoambiana Kuhusu Ujerumani na Yalivyo Kweli

Kila mwaka napigiwa simu na vijana wawili watatu waliotua Leipzig au Halle kutoka Dar, Mombasa, au hata Bujumbura. Malalamiko yanafanana mpaka naweza kuyamalizia mwenyewe: kadi ya benki haijafika, ofisini wamemrudisha, na Jumapili kalala na chai tupu. Wengi hawajakosea kwa uzembe. Wamekuja na habari za kijiweni, na habari za kijiweni kuhusu Ulaya nyingi ni uongo mtamu.

Dhana: Ulaya kila kitu ni mtandaoni, unabonyeza tu.

Mtu aliyezoea kununua Luku akiwa kitandani na kumrushia mama hela kwa M-Pesa, ambayo Kenya ilianza 2007 na Tanzania 2008, anategemea kwamba huku ni zaidi ya hapo. Anakutana na bahasha. Sheria ya mwaka 2017 iliahidi kwamba ifikapo mwisho wa 2022 huduma 575 za serikali zingepatikana mtandaoni. Mwaka ule ukaisha, huduma nyingi zikabaki kwenye karatasi. Nambari yako ya kodi inakuja kwa posta. Kadi ya benki kwa posta, namba yake ya siri kwa posta, bahasha tofauti, siku tofauti.

Na barua ina nguvu ambayo kwetu haina. Ukiona bahasha ya njano iliyoandikwa tarehe kwa kalamu, jua kuwa siku za kukata rufaa zimeanza kuhesabiwa tangu ilipotumbukizwa kwenye sanduku lako, uwe umeifungua au umeiweka juu ya friji. Faini za barabarani, kwa mfano, unazipinga ndani ya wiki mbili tu. Nawajua watu walioacha bahasha hizo zilundikane kwa sababu "sielewi Kijerumani". Kutokuelewa hakusimamishi siku.

Dhana: Ukishaandika anwani sawasawa, barua itafika.

Hili lilinipata mwenyewe. Nilipanga chumba kwa mtu, ghorofa ya nne. Mtaa sahihi, namba ya nyumba sahihi. Nikasubiri kadi ya benki wiki tatu. Nikapiga simu, wakatuma nyingine. Wiki tatu tena. Mara ya tatu mhudumu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtoto kama amevaa viatu: jina lako liko kwenye sanduku?

Halikuwepo. Nyumba za Ujerumani kwa kawaida hazina namba za vyumba. Mtaa na namba ya jengo vinamfikisha postamani mlangoni tu. Baada ya hapo anasoma majina. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na kwa postamani, wewe hukai hapo. Usiku huohuo nikakata kipande cha karatasi ya daftari, nikaandika jina kwa herufi kubwa, nikakibandika kwa selotepu chini ya jina la mwenye chumba, kimoja kwenye kengele na kingine kwenye sanduku. Kadi ikaja baada ya siku tano. Kwa hiyo nikipigiwa simu sasa sianzi na pole. Nauliza kengele kwanza.

Dhana: Tafuta kazi na nyumba kwanza, mambo ya kujiandikisha baadaye.

Kujiandikisha anwani yako kwenye ofisi ya jiji, ile wanayoiita Anmeldung, kunatakiwa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na ukipuuza faini inaweza kufika euro 1,000. Ifikirie kama barua ya serikali ya mtaa, ila hii inashika kila kitu. Bila hiyo nambari ya kodi haiji. Bila nambari ya kodi mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la sita, lile la juu kabisa, na mshahara wa kwanza unakuja umekonda.

Unachohitaji ni kitambulisho na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Hapa ndipo watu wanapotapeliwa: mtu anakupangisha chumba lakini "hapa huwezi kujiandikisha". Bei nzuri, ndiyo, lakini chumba hicho hakikusaidii kitu. Kikatae hata kama umechoka kulala kwenye kochi la rafiki.

Miadi yenyewe kwenye miji mikubwa inaweza kuwa ya wiki kadhaa mbele. Fungua ukurasa wa ofisi asubuhi na mapema, maana nafasi za walioghairi huwa zinaonekana saa hizo, na angalia ofisi zote za jiji, si ile ya mtaani kwako tu.

Dhana: Benki ikikukataa, basi tena.

Tangu 2016 sheria inampa kila mtu anayekaa Umoja wa Ulaya kihalali haki ya akaunti ya msingi, akiwemo mwomba hifadhi na hata asiye na makazi. Inaitwa Basiskonto. Ukijaza fomu yake, benki ina siku kumi za kazi za kukupa mkataba, au kukuandikia sababu ya kukataa. Mhudumu wa kaunta huenda asikutajie jina hilo. Litaje wewe.

Dhana: Wanafunga Jumapili kwa uvivu.

Sisi tuliokulia karibu na duka la Mangi, ambapo saa nne usiku unagonga dirisha upewe kiberiti na nusu kilo ya sukari, Jumapili ya huku inatuuma. Lakini imelindwa na katiba: kifungu cha Katiba ya Weimar ya 1919 kuhusu mapumziko ya Jumapili kilihamishiwa kwenye katiba ya 1949, na bado kinafanya kazi. Maduka ya stesheni kubwa za treni na vituo vya mafuta huwa wazi, kwa bei yake. Maduka ya dawa yanapokezana zamu, na ni muhimu kujua hivyo kwa sababu hata paracetamol haiuzwi supamaketi. Na usiende kutupa chupa kwenye mapipa ya vioo siku hiyo, maana zina kelele. Utasikia dirisha likifunguliwa.

Dhana: Chupa tupu ni taka.

Aliyewahi kurudishiwa hela ya chupa ya soda dukani hahitaji maelezo marefu. Kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25, chupa ya bia kwa kawaida 8, za plastiki zinazojazwa tena 15. Mama mdogo alipokuja kunitembelea alizikanyaga zote zibonyee, ili mfuko usijae. Mashine ikazitema moja baada ya nyingine, maana haikuweza kusoma alama. "Mwanangu, hii mashine ina dharau," akasema.

Dhana: Sina televisheni, silipi ada ya televisheni.

Unalipa. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, na imekuwa hivyo tangu 2021. Mkiishi wanne, analipa mmoja.

Dhana: Leseni ya nyumbani unaibadilisha tu.

Ya Tanzania au Kenya inakubalika miezi sita tangu uweke makazi. Baada ya hapo unafanya mtihani wa maswali na wa barabarani, hata kama umeendesha lori la Tunduma miaka ishirini. Maswali yanapatikana kwa Kijerumani na lugha nyingine 12, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zikiwemo. Kiswahili hakimo.

Dhana: Yule wa kaunta ananibagua.

Pengine kweli. Ubaguzi upo na sitamwambia mtu kwamba ameota. Ila "karatasi moja imepungua, njoo na miadi mingine" Wajerumani wenyewe wanaambiwa kila siku, na wananung'unika kuliko sisi. Mimi naangalia hivi: akikutajia karatasi gani imepungua, omba akuandikie jina lake na uende kuitafuta. Akikuzungusha bila kutaja, hapo omba kukataliwa kwa maandishi.

Dhana: Huku hakuna ujirani.

Kifurushi kikija haupo, mara nyingi kinaachwa kwa jirani, na kwenye sanduku unakuta kikadi chenye jina lake. Basi unapanda ngazi kupiga hodi kwa mtu ambaye hamjawahi kusalimiana. Bibi wa ghorofa ya pili alinipokelea vitenge, unga, na viatu vya watoto kabla hatujajuana majina sawasawa. Mwaka jana alivunjika mguu. Sasa vifurushi vyake vinakaa kwangu koridoni, na yeye ndiye anayepiga kengele yangu, ile yenye karatasi ya daftari na selotepu.