Kihatarishi sio ugonjwa, tuelewane hapo kwanza

Mtu anaenda kupima presha, nesi anamwambia "una vihatarishi", anatoka hapo amenyong'onyea anajua ndo tayari keshaugua. Bado. Kihatarishi ni kitu kinachokuongezea uwezekano wa kupata ugonjwa flani, unaweza ukawa nacho miaka na usiumwe, na mwingine hana akaumwa, ila vikikaa viwili vitatu kwa mtu mmoja hali inakuwa mbaya zaidi.

Umri na kurithi huna la kufanya. Vya mtindo wa maisha ndo vinashikika, yaani sigara, pombe, msosi mbovu na mwili kukaa bila kazi, na ndo vinachangia sana kisukari, moyo, kiharusi, magonjwa sugu ya mapafu na baadhi ya kansa.

Sisi wa Moshi tunapenda kusema "sukari kwetu ni ya ukoo". Sawa, lakini ukoo haukuachii damu tu, unakuachia na jiko, mkono uleule wa chumvi, mafuta yaleyale, mbege (pombe yetu ya ndizi) ileile kila wikendi. Hapo utasingizia babu?

Chukua chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ya kwenye mkate na supu. Sasa nenda Kwa Mrombo pale Arusha jumamosi jioni, nyama imeshatiwa chumvi ikiwa kwenye moto, inakuja kwenye sinia na kachumvi kengine kamerundikwa pembeni ya pilipili, na kila kipande lazima kichovywe (mimi mwenyewe nachovya, sijifanyi malaika). Chumvi ikizidi mwili unashikilia maji, presha inapanda, na presha haiumi, wengi wanaijua siku kiharusi kimeshapiga na mdomo umepinda.

Mazoezi sio lazima gym. Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka zinatosha, yule mama wa Kibosho anayepanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe keshazipita zamani, shida ni sisi tunaopanda boda hata kwenda sokoni Mbuyuni.

Sigara sina maneno mengi, hakuna kiasi salama.

Na kama ushaanzishiwa dawa za presha usiziache eti kisa umeanza kukimbia asubuhi, rudi kwa dokta akupime, kama ni kupunguza atapunguza yeye.