Deni Linapohamia Mwilini: Mikopo ya "Kausha Damu" na Afya ya Akili

Mtu aliyeelemewa na madeni ni nadra kufika kwetu madaktari akisema kwamba anadaiwa. Huja akilalamikia kichwa kinachogonga, moyo unaokwenda mbio, tumbo linalochoma na usingizi unaokatika saa nane za usiku usirudi tena mpaka alfajiri. Hupimwa malaria, hupimwa presha, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, kisha hurudi na maumivu yale yale, kwa sababu katika mzunguko wote huo hakuna aliyemuuliza anadaiwa kiasi gani na nani.

Mikopo midogo ya riba kubwa ambayo wananchi wameibatiza jina la "kausha damu" inaonyesha vizuri jinsi hali hiyo inavyojengeka. Mama anayeuza mbogamboga sokoni huchukua mkopo mdogo wenye marejesho ya kila siku au kila wiki, na siku biashara ikidoda hukopa kwingine ili azibe pengo la kwanza. Muda si mrefu anakuwa na mikopo mitatu, na mumewe haujui hata mmoja. Simu huilaza kifudifudi. Pikipiki ikisimama nje, hushtuka na kumwashiria mtoto aseme mama hayupo. Mwili unaoishi hivyo hukesha katika tahadhari, ukitoa homoni zilizokusudiwa kumwezesha mtu kukimbia hatari ya dakika chache, na ndiyo maana usingizi huvurugika na hasira huanza kuwaangukia watoto ambao hawakukopa chochote.

Majirani humwona mdaiwa wa namna hii kuwa hana akili ya fedha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wakulima wa miwa wa Tamil Nadu nchini India, ulionyesha kitu kingine: mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, alipokuwa amebanwa kifedha, kuliko alipokwisha kuvuna. Akili iliyojaa hesabu za marejesho ya kesho hubakiwa na nafasi ndogo ya kupima jambo la mwezi ujao.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, aibu huumiza kuliko riba. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni wamekuwa wakiwatumia ujumbe ndugu, wakwe na wafanyakazi wenzake mdaiwa, wakimtangaza kuwa tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, na kuutahadharisha umma. Nalitaja hili kama daktari, kwa kuwa sheria ya mikopo nayo ni kinga ya afya. Nchini Japani, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia, watu waliojiua mwaka 1998 walizidi 30,000. Mwaka 2006 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuzuia kujiua na kurekebisha sheria ya ukopeshaji, ikiweka ukomo wa mikopo kuwa theluthi moja ya kipato cha mwaka. Mwaka 2012 idadi ilishuka chini ya 30,000. Sheria hizo hazikuwa sababu pekee, lakini si haki kuzipuuza.

Huzuni, kukata tamaa au kutofurahia chochote kwa wiki mbili au zaidi ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya, na ukifika huko mtajie mhudumu deni lako kama unavyomtajia homa. Ndugu anayeshuku kwamba mwenzake anafikiria kujiua amuulize waziwazi, maana swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, dawa na sumu za kuulia wadudu ziondolewe karibu naye, na afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Madeni yenyewe yaandikwe yote kwenye karatasi moja, pamoja na yale ya siri, na anapokwenda kuomba kupangiwa upya marejesho asiende peke yake. Mgonjwa aliyekwisha kuisoma karatasi hiyo mbele ya mtu anayemwamini mara nyingi hutueleza kwamba usiku ule alilala, ingawa hakuwa amelipa hata shilingi.