Jani lililoangukia bwawani huishia wapi?

Ukifika bwawa la Mabayani, linalolipatia jiji la Tanga maji ya bomba, okota jani lililokwama ukingoni ulisugue kwa vidole. Linateleza kama bamia, na nyama yake imekwisha, mishipa mitupu. Ule utelezi ni bakteria na kuvu, walaji wa kwanza wa jani hilo.

Shuleni tulifundishwa kwamba chakula cha samaki huanzia kwenye mwani, unaotumia jua na kaboni dayoksaidi iliyomo majini. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na masika yakipiga unabeba majani, udongo, na kaboni iliyoyeyuka inayoyapa maji rangi ya chai. Kaboni hiyo huliwa na bakteria, bakteria huliwa na vijidudu vya seli moja, navyo huliwa na viroboto maji, vidudu vidogo waeleao majini. Hapo ndipo samaki mdogo anapopata riziki yake.

Tumejuaje? Huko Marekani watafiti walitia kaboni-13 katika maziwa madogo mazima. Kaboni hiyo ni nzito kidogo, na kwa kawaida ni kama asilimia 1 tu ya kaboni yote. Mwani uliifyonza, hivyo kila aliyekula mwani alibeba alama yake; kaboni isiyo na alama ilitoka kwingine, yaani nchi kavu. Matokeo yalitoka mwaka 2004: kati ya asilimia 22 na 50 ya kaboni ya vidudu waeleao majini ilitoka nchi kavu.

Msidhani basi kwamba uchafu mwingi ni samaki wengi. Katika kila hatua ya kulana, sehemu kubwa ya kaboni hupotea kwa kupumua; mara nyingi hubaki kama asilimia 10 tu. Njia ya jani ina hatua nyingi, kwa hiyo kinachomfikia kambale ni kidogo mno. Na udongo ukizidi, maji hutibuka, mwani hukosa mwanga. Kwangu mimi, shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto ndilo linalonitia hofu kuliko majani.

Chomeka kijiti kwenye tope uone mapovu yakipanda. Mengi ni methani, kaboni ya mimea iliyooza pasipo oksijeni. Methani nyingine haifiki juu: bakteria huidaka, mabuu mekundu ya wadudu wanaofanana na mbu huwala bakteria hao, na samaki huyafukua mabuu topeni.