Kutembea na Kukutana Msimu wa Baridi Nakuru: Maswali na Majibu

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, vikundi vya kutembea asubuhi katika mitaa ya Nakuru hupungua watu. Mtaani kwetu, upande wa Kiamunyi, njia ambayo mwezi wa Machi huwa na akina mama kumi wanaotembea huku wakizungumza, mwezi wa Julai hubaki na wawili tu, nao wamejifunika leso hadi puani. Anayeacha kutembea Juni huwa ameacha pia kuonana na wenzake, na wengine hawarudi hata baridi ikiisha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana msimu huu.

Mbona Nakuru kuna baridi kali ilhali tuko karibu na ikweta?

Ni kwa sababu ya mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu, ambayo nayo iko karibu na ikweta, iko mita 1,130 hivi, na ndiyo maana mgeni kutoka Kisumu hushangaa kukuta watu hapa wamevaa boshori na makoti mazito. Hata hivyo, ikweta inatufaa kwa jambo moja kubwa: mchana wetu haufupiki. Wakazi wa Ulaya hupoteza saa nyingi za mwanga wakati wa baridi, lakini hapa tuna takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima, na shida yetu hasa ni zile saa chache za alfajiri zenye ukungu na umande. Ifikapo saa nne au saa tano, siku nyingi hewa huwa imeanza kupata joto, na mvua ya Julai na Agosti mara nyingi husubiri alasiri. Kwa hiyo sogezeni saa ya kutembea badala ya kuifuta.

Mimi huingia kazini saa mbili. Nitatembea saa ngapi?

Shuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chako, kisha utembee dakika nyingine 15 wakati wa chakula cha mchana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wala si lazima ziwe za mfululizo. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba.

Je, nikitoka kwenye baridi nitapata nimonia?

Nimonia ni maambukizi ya mapafu yanayosababishwa na bakteria, virusi au wakati mwingine kuvu, na upepo wa asubuhi peke yake hauwezi kuyaleta. Virusi vingi vya mafua husambaa kwa urahisi zaidi watu wanapojifungia chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, jambo tunalolifanya sana tukidhani tunajikinga. Ila ukiwa na homa, ukipumua kwa haraka au kuumwa na kifua, nenda hospitalini, wala usingoje tangawizi ikutibu.

Mama yangu ana miaka 68 na ana shinikizo la damu. Aendelee kutembea?

Ndiyo, ila kwa uangalifu, na jibu hili ningependa lisomwe polepole. Baridi huifanya mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi kusinyaa ili joto lisipotee, na mishipa ikisinyaa shinikizo hupanda na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Ndiyo sababu mzee anayeruka kutoka kitandani na kukimbilia kilima alfajiri anajihatarisha. Mama yako na anywe dawa zake jinsi alivyoagizwa, apimwe shinikizo mara kwa mara katika zahanati au na mhamasishaji wa afya ya jamii, na kabla ya kutoka apashe mwili moto ndani ya nyumba kwa dakika tano hadi kumi: azungushe mabega, akunje na kukunjua vidole, anyanyue magoti akiwa ameshika kiti. Kiti hicho hicho kitamsaidia kujizoeza kusimama imara, kwani wazee huhitaji mazoezi ya kulinda mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, na nyasi zenye umande huteleza. Avae nguo kadhaa nyepesi badala ya koti moja zito, na sweta ikilowa jasho aibadilishe mara moja. Anywe maji pia, maana kiu hupungua wakati wa baridi ingawa mwili bado unayahitaji. Akihisi kifua kubana, kizunguzungu au pumzi kukatika, asimame na apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Na mwenye pumu?

Hewa baridi na kavu hubana njia za hewa. Afunike pua na mdomo kwa leso ili hewa ipate joto kabla ya kuingia, abebe kipulizio chake mfukoni, na amuulize daktari kama anafaa kukitumia kabla ya mazoezi.

Kikundi chetu kimesambaratika. Tufanye nini?

Mpangane wawili wawili, kila mtu awe na mwenzake wa kumpitia mlangoni, kwa sababu ni vigumu kurudi kitandani ukijua jirani yako amesimama nje akipuliza viganja. Asiyeonekana mara mbili apigiwe simu, hasa mzee anayeishi peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke huo hudhuru hata moyo. Siku ya mvua, kutaneni kwa mmoja wenu, mjinyooshe, kisha mnywe uji. Lakini jiko la makaa libaki nje. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mlango uliofungwa kwa ajili ya baridi huifungia ndani pamoja nanyi. Watu kadhaa wakianza kuumwa na kichwa au kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje wote kwanza, kisha mtafute daktari.